Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa watoto hadi ndani ya seli

Kila tunaporusha kipindi cha afya kinachogusa saratani, swali moja hurudi kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Kilwa Masoko, Kivinje, Mchinga na Lindi mjini. Kwa nini mgonjwa anakatwa kinyama kidogo, kinatiwa kwenye kichupa chenye dawa, kinapelekwa Dar es Salaam, kisha familia inaambiwa isubiri majibu? Kuna nini ndani ya kinyama hicho ambacho daktari hawezi kukiona kwa macho yake?

Katika makala haya tunalijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20. Jina lake limebaki kwenye aina moja ya saratani ya watoto inayopatikana zaidi Afrika, limfoma ya Burkitt. Alifariki mwaka 1993, lakini kazi iliyoanzia wodini kwake Kampala ndiyo iliyowafundisha wanasayansi namna ya kuzitoa seli za saratani ndani ya nyama ya mgonjwa, kuzikuza zikiwa peke yake, na kuzisoma protini zake. Sisi watu wa ukanda huu wa pwani tuna sababu zetu za kuijua habari hiyo, kama tutakavyoona.

Mtoto wa mhandisi na ndege wake

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa jimbo. Nje ya kazi, mzee huyo alikuwa na mapenzi ya ndege. Aliwavisha pete miguuni ndege wadogo wa kifua chekundu waliokuwa wakiishi bustanini kwake, akachora ramani ya wapi kila mmoja anaishi na mipaka yake inafika wapi. Wataalamu wa ndege wanamtaja hadi leo.

Mtoto alilelewa akiona ramani zikichorwa kwa subira. Akiwa na umri wa miaka 11, katika ugomvi wa watoto wa shule, jiwe lilimpiga usoni na kuvunja miwani yake. Kioo kiliingia jichoni. Jicho la kulia likapotea.

Alianza chuo kikuu mjini Dublin akisomea uhandisi kama baba yake, kisha akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa, kwa sababu ya jicho. Vita ya pili ya dunia ndiyo iliyomfungulia mlango. Aliingia jeshini mwaka 1941 kama daktari, akapelekwa Kenya na Somalia, na akiwa likizo akaitembelea Uganda. Vita ilipokwisha aliomba upya. Safari hii walimkubali, na mwaka 1946 akafika Uganda.

Ramani ya kwanza ilikuwa ya mabusha

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Huko alikutana na ugonjwa ambao hakuna haja ya kuueleza kwa mtu wa Lindi: mabusha. Wanaume walifika kwa wingi wakitaka kufanyiwa upasuaji, naye akawa anawapasua siku baada ya siku.

Burkitt hakuishia kwenye kisu. Alianza kuwauliza wagonjwa wanatoka upande gani wa wilaya. Akagundua kwamba wengi walitoka mashariki mwa Lango, na wachache sana magharibi. Wilaya ni ileile, hospitali ni ileile, lakini ugonjwa una upande wake. Akalichora jambo hilo kwenye ramani na kuliandikia makala katika jarida la kitabibu.

Leo tunajua kwamba mabusha na matende huletwa na minyoo midogo ya filaria inayosambazwa na mbu, na ndiyo maana yanafuata mazingira ya mbu. Sisi tumeyaona mabusha pwani yote hii kwa vizazi vingi, na ndiyo sababu ya kampeni za kugawa kingatiba na kambi za upasuaji zilizofanyika mkoani kwetu. Lakini katika maisha ya Burkitt, mabusha yalikuwa shule. Yalimfundisha kuuliza swali ambalo madaktari wengi wa zama zake hawakuliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Taya zilizovimba

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Karibu miaka kumi baadaye, mwaka 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umeharibika. Taya zote mbili zilikuwa zimevimba, kushoto na kulia, juu na chini, na meno yalikuwa yamelegea. Kama lingekuwa jipu, lingevimba upande mmoja. Kama ingekuwa saratani ya kawaida, ingeanzia mahali pamoja. Burkitt hakuwa na jibu, akapiga picha.

Wiki chache baadaye alikuwa kwenye hospitali ya Jinja. Akitazama nje ya dirisha alimwona mtoto mwingine amekaa kwenye majani na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka akampima, akakuta na uvimbe tumboni. Mtoto mmoja anaweza kuwa bahati mbaya. Wawili wenye sura moja ya ugonjwa ni dalili ya kitu chenye jina, hata kama jina hilo bado halijatolewa.

Alirudi Mulago akafukua mafaili. Watoto wa aina hiyo walikuwamo, ila kila mmoja alikuwa ameandikwa kivyake: huyu saratani ya taya, huyu ya figo, huyu ya ovari, huyu ya jicho. Burkitt akawaweka pamoja. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wataalamu wa maabara wa Mulago, akiwamo Mmarekani Greg O'Conor, walitazama vinyama vya watoto hao kwa darubini na kuthibitisha kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni ugonjwa mmoja. Ilikuwa limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za damu zinazokaa kwenye mitoki na kazi yake ni kuulinda mwili.

Saratani hii ina kasi ya kutisha. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akicheza mwanzoni mwa mwezi anaweza kuwa mahututi mwezi unapokwisha.

Kilomita 16,000 ndani ya gari la mitumba

Burkitt alirudi kwenye njia ya baba yake, njia ya ramani. Kwa ruzuku ndogo ya serikali alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika akiuliza swali jepesi: mmewahi kuona hiki? Majibu yaliporudi alichoma pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani. Pini zikachora mkanda uliovuka Afrika katikati kutoka pwani hadi pwani, na mkia ukashuka upande wa mashariki kupitia Tanganyika hadi Msumbiji.

Ili kujua mkanda huo unaishia wapi, mwezi Oktoba 1961 alifunga safari na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Gari lao lilikuwa Ford lililokwisha kutumika. Kwa takriban wiki kumi walisafiri maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipitia Tanganyika iliyokuwa ikihesabu siku za uhuru wake. Waliingia hospitali zaidi ya 50. Gharama ya safari yote haikufika pauni 700.

Walichokigundua ni kwamba mkanda ule ulikuwa na masharti. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana kwenye nchi iliyo juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini, ambako baridi ni zaidi, kimo hicho kilishuka. Haukuonekana pia kwenye nchi kavu isiyo na mvua. Ulipenda joto, mvua na mabonde. Wataalamu wa wadudu walipoitazama ramani hiyo waliitambua mara moja. Ilifanana na ramani ya magonjwa ya mbu.

Hapa ndipo habari inapofika mlangoni kwetu. Ukanda kutoka Somanga hadi Kilwa, Mchinga na Lindi ni nchi ya joto, mvua na malaria, na hata nyanda za juu za Rondo hazifiki mita 1,000. Kwa masharti ya ramani ya Burkitt, tumo ndani ya mkanda.

Kinyama ni gunia lililochanganyika

Ramani ilionyesha ugonjwa uko wapi. Haikuonyesha unasababishwa na nini. Kwa hilo ilibidi kuingia ndani ya nyama yenyewe, na hapo tunafika kwenye swali la wasikilizaji wetu.

Uvimbe si kitu cha aina moja. Mkulima wa ufuta anayepeleka gunia mnadani anajua kwamba ndani yake mna ufuta, mna mchanga, mna makapi. Ukipima gunia zima hujapima ufuta, umepima mchanganyiko. Kinyama cha uvimbe ni hivyohivyo. Mna seli za saratani, lakini mna pia seli za mishipa ya damu, nyuzi zinazoshikilia nyama, mafuta, damu yenyewe, na askari wa mwili waliokuja kupambana. Ukikisaga kinyama chote na kupima protini zake, utapata mchuzi wa wote hao, na hutajua ipi ni ya adui na ipi ni ya mwenyeji.

Na protini ndizo zinazosema ukweli. Kila seli ya mwili, iwe ya ini au ya ngozi, ina maelekezo yaleyale ya urithi. Kinachozitofautisha ni protini zipi imezitengeneza. Protini nyingine zinakaa juu ya ngozi ya seli kama kitambulisho kifuani, nyingine zinafanya kazi ndani. Seli ikigeuka saratani, protini zake hubadilika: baadhi zinazidi, nyingine zinapotea, na kama kuna kirusi ndani yake, zitaonekana protini ambazo hazikupaswa kuwapo kabisa. Lakini ili uzisome, lazima kwanza uipate seli ile unayoitaka, na uipate ikiwa peke yake.

Kichupa kilichochelewa na ukungu

Tarehe 22 Machi 1961, Burkitt akiwa likizo Uingereza alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London, kuhusu saratani ya watoto wa Afrika. Kati ya waliomsikiliza alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akishughulika na virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Ramani iliyofuata hali ya hewa ilimshtua. Kama saratani inafuata mvua na joto, aliwaza, huenda kuna kiumbe hai kinachoisambaza, na huenda ni kirusi.

Wakakubaliana. Vinyama kutoka kwa watoto wa Mulago vingesafirishwa kwa ndege ya usiku hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alivitazama kwa darubini ya elektroni, na hakuona kirusi chochote. Alijaribu kuzikuza seli maabara kutokana na vipande vya nyama, zikagoma.

Tarehe 5 Desemba 1963 kichupa kingine kilitoka Kampala. London ilikuwa imefunikwa na ukungu, ndege ikapelekwa Manchester, na kichupa kikafika kwa mtafiti jioni, kimechelewa. Maji yaliyokizunguka kinyama yalikuwa na mawingu. Mtu mwingine angesema bakteria wameingia, sampuli imeoza, itupwe. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya darubini kwanza.

Hawakuwa bakteria. Zilikuwa seli za saratani, nyingi, hai, zinaelea zenyewe. Mtikisiko wa safari ulikuwa umezikung'uta kutoka kwenye nyama, kama ufuta unavyokung'utwa kutoka kwenye maganda yake. Sehemu nyingine zote za kinyama zilibaki kwenye kipande.

Epstein na msaidizi wake Yvonne Barr wakaziacha zielee kwenye maji ya lishe badala ya kuzilazimisha kushika kioo. Zikakua. Zikagawanyika na kuendelea kugawanyika. Ukoo wa kwanza wa seli ukapatikana, wakauita EB, kwa herufi za majina yao. Mwezi Februari 1964 Epstein aliziweka seli hizo, zilizoandaliwa na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, chini ya darubini ya elektroni. Ndani ya seli moja aliona chembe za kirusi. Tarehe 28 Machi 1964 jarida la The Lancet lilichapisha habari hiyo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Kinyama kilikuwa cha mtoto wa Uganda. Tunalisema hilo makusudi, kwa sababu katika simulizi nyingi wanatajwa wenye darubini peke yao.

Protini zinazong'aa

Kuona chembe hakutoshi kuthibitisha kosa. Je, kirusi hiki ndicho kilichosababisha saratani, au ni msafiri aliyepanda tu? Seli zilipelekwa Philadelphia, Marekani, kwa Werner na Gertrude Henle. Mtu na mkewe hao walitumia njia ambayo bado inatumika hospitalini. Mwili unapokutana na kirusi hutengeneza kingamwili, na kila kingamwili inanasa protini moja mahsusi. Wao walichukua kingamwili kutoka kwenye damu, wakazitia rangi inayong'aa, wakazimwagia seli. Pale penye protini ya kirusi, seli iliwaka kwenye darubini kama koroboi gizani.

Damu ya watoto wenye limfoma ya Burkitt iliziwasha seli kwa nguvu. Lakini likatokea jambo jingine: hata damu za watu wazima wenye afya, Marekani na kwingineko, nyingi ziliziwasha. Kirusi hiki, kumbe, kiko karibu kwa kila mtu. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na wengi wetu Afrika tunakipata tukiwa wachanga kupitia mate. Peke yake hakitoshi kuleta saratani.

Mwaka 1973 watafiti wa Stockholm walionyesha protini ya kirusi inayojificha ndani ya kiini cha seli za limfoma hiyo. Baadaye ikajulikana kwamba katika seli hizo kipande cha kromosomu namba 8 huwa kimehama, mara nyingi kwenda kwenye kromosomu namba 14, na matokeo yake protini iitwayo MYC inatengenezwa bila breki. MYC ndiyo inayoiamuru seli igawanyike. Ndiyo siri ya ile kasi ya kutisha.

Malaria nayo inachangia. Kuumwa malaria mara kwa mara kunazichosha na kuzichochea seli nyeupe zinazobeba kirusi, zikigawanyika mno na kukosea. Ndiyo maana ramani ya Burkitt ilifanana na ramani ya mbu, ingawa mbu hawabebi kirusi chenyewe. Hapa Tanzania, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa North Mara walipewa dawa ya klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma. Idadi ya wagonjwa ilishuka, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, hivyo jaribio halikutoa jibu la mwisho.

Koo za seli zilizotokana na limfoma hii zimeenea maabara za dunia nzima, baadhi zikibeba majina ya Kiafrika kama Raji, uliokuzwa Nigeria mwaka 1963, na Daudi. Ukoo wa Daudi umekuwa mwalimu wa ajabu. Seli zake zinakosa protini moja ndogo, na kwa kuikosa hiyo tu, vitambulisho fulani vya juu ya seli vinashindwa kukaa mahali pake. Kwa kutazama kinachokosekana, wanasayansi walielewa vitambulisho hivyo vinajengwaje. Koo hizohizo hutumika kujaribu dawa kama rituximab, inayonasa protini ya CD20 juu ya seli za aina hii na kuifungulia njia kinga ya mwili iziangamize.

Njia za kuchambua seli zimepiga hatua tangu kichupa kile cha mwaka 1963. Sasa kuna mashine zinazopitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza na kuzitenganisha kwa rangi ya kingamwili zilizozinasa. Kuna vipunje vya sumaku vinavyoshika seli inayotakiwa na kuivuta pembeni. Tangu mwaka 1996 kuna darubini inayotumia leza kuchomoa seli chache tu kutoka kwenye kinyama kilichokatwa wembamba kuliko karatasi. Swali ni lilelile: ipate seli yenyewe, kisha isome.

Daktari aliyeweka kisu chini

Burkitt hakusubiri jibu la kirusi ili awatibu watoto. Alikuwa mpasuaji, lakini aliona kwamba kukata taya kunamharibu mtoto bila kumponya, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Alianza kuwapa dawa za saratani zilizokuwa mpya wakati ule, kwa dozi chache kutokana na uhaba. Baadhi ya uvimbe uliyeyuka kwa siku kadhaa, na baadhi ya watoto walipona moja kwa moja. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Yeye alirudi Uingereza mwaka 1966. Sehemu ya pili ya maisha yake aliitumia kuhubiri chakula chenye makapi, baada ya kulinganisha maradhi ya tumbo ya Wazungu na ya Waafrika vijijini. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82. Epstein aliishi hadi Februari 2024, akafikisha miaka 102.

Lipo jambo la kusema kuhusu zama zile. Watoto waliotoa vinyama hivyo na wazazi wao hawakuulizwa kwa utaratibu wa leo, na seli zinazoendelea kugawanyika kwenye friji za dunia hazijarudisha chochote nyumbani kwao. Sasa hapa Tanzania utafiti wa aina hiyo lazima upite kamati ya maadili, mgonjwa au mzazi aridhie, na sampuli haitoki nchini bila makubaliano maalumu. Ni haki yako kuuliza kinyama kinakwenda wapi na kitafanyiwa nini.

Kwa nini tusubiri majibu

Sasa tunaweza kulijibu swali la wasikilizaji. Kinyama kinachotoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine au kwingineko hutiwa fomalini ili kisioze. Maabara hukigandisha ndani ya nta, hukikata wembamba sana na kukitia rangi. Mtaalamu hutafuta seli zenye kasoro kati ya zile nzima, na pale penye utata huongeza kingamwili kutambua protini, ikiwemo CD20. Mambo hayo ndiyo yanayosema kama ni limfoma, jipu la jino, kifua kikuu cha mitoki au saratani nyingine. Dawa ya moja si dawa ya nyingine, na ukikosea umempoteza mtoto.

Lakini kusubiri majibu kusichanganywe na kusubiri nyumbani. Mtoto mwenye taya linalovimba haraka, meno yanayolegea kabla ya wakati wake, jicho linalotokeza au tumbo linalojaa kwa siku chache, asipelekwe kung'olewa jino na kuachwa, wala asizungushwe kwa waganga wiki baada ya wiki. Mfikishe kituo cha afya, na mzazi ataje kasi ya uvimbe: ulianza lini, leo una ukubwa gani. Rufaa ya watoto wenye saratani ni Muhimbili, Dar es Salaam, ambako kuna wodi yao maalumu.

Kutoka Kilwa hadi huko ni safari ya siku moja kwa basi. Kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu ndani ya siku mbili, mzazi asiiahirishe safari hiyo.